Alama za kuuliza kwenye gdb, na siku tano nilizopoteza

Jumatano iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Shikamoo kaka. Keneli nimeisimamisha kwa kgdb vizuri, ila kila nikiandika bt naona alama za kuuliza tu. Leo siku ya nne." Akaambatanisha picha ya skrini. Kgdb ni njia ya kuisimamisha keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, na kuichunguza kutoka kompyuta nyingine kwa programu ya gdb; bt humwambia gdb aonyeshe mlolongo wa funksheni zilizoitana, na ?? maana yake hajui jina la funksheni. Mstari wa juu ulisomeka hivi:

#0 0xffffffff9a2c41b7 in ?? ()

Ule mstari naujua. Ulishaniliza.

Mwaka 2019 nilikabidhiwa draiva ya kadi ya mtandao iliyokuwa inaangusha seva. Seva iko Dodoma, mimi niko Dar es Salaam, na pembeni ya seva kuna kompyuta ndogo iliyochomekwa waya wa siriali. Niliweka kgdboc=ttyS0,115200 ili kgdb itumie waya huo, nikaandika g kwenye /proc/sysrq-trigger, mashine ikaganda kama ilivyotakiwa. Nikashangilia. Kisha bt, na zile ??.

Kosa la kwanza lilikuwa la mtoto mdogo: nilimpa gdb faili la vmlinuz. Lile limebanwa kwa ajili ya kubuti, gdb hawezi kulisoma. Anachotaka ni vmlinux, faili la keneli lisilobanwa, lililokompailiwa CONFIG_DEBUG_INFO (taarifa za kuchunguzia hitilafu) ikiwa imewashwa. Hilo nililirekebisha ndani ya saa moja.

Kilichonimaliza ni kosa la pili. Majina yalianza kutokea, nami nikayaamini. Siku mbili nzima nilifukuza funksheni ambayo haikuhusika kabisa, kwa sababu nilikuwa nimebadili mstari mmoja wa konfigi (mipangilio ya keneli) na kukompaili upya kwangu, huku Dodoma ikiendelea na keneli ya zamani. Toleo linaloonyeshwa na amri ya uname -r lilikuwa lilelile pande zote. Siku ya tano, kwenye kikao, bosi aliniambia mbele ya watu kumi na mmoja: "Mwenzako angekuwa ameshamaliza." Sikujibu. Mpaka leo nikikumbuka kile kiti nilichokalia, kifua kinabana.

Usiku ule ndipo nilipolinganisha build ID, alama ya utambulisho inayowekwa ndani ya keneli inapokompailiwa. Kwako unaandika readelf -n vmlinux, kule unasoma /sys/kernel/notes kwa xxd. Herufi zikitofautiana hata moja, simboli hizo (majina ya funksheni na anwani zake) si za keneli hiyo, na kila jina utakaloona linaweza kukudanganya. Zangu zilitofautiana tangu herufi ya kwanza. Nilikompaili tena, nikapeleka keneli hiyohiyo Dodoma, na kabla hakujapambazuka hitilafu ilikuwa mkononi.

Ndugu zangu, linganisheni build ID kabla ya kugusa kitu kingine. Msiseme "nina uhakika ni ileile". Uhakika wa namna hiyo ndio ulionikalisha kwenye kikao kile. Tunataka kuheshimiwa kama watu wa keneli, basi tuwe na nidhamu ya watu wa keneli: kila unapokompaili, hifadhi vmlinux pamoja na konfigi yake kwenye folda moja, uipe jina la build ID. Linganisha leo, na kesho ukiirudia kazi, linganisha tena.

Kijana wetu build ID zake zilikuwa sawa. Shida yake ilikuwa KASLR, kinga inayoihamishia keneli kwenye anwani ya kubahatisha kila inapobuti, ambayo kwenye prosesa za x86 huja ikiwa imewashwa tangu toleo la 4.12 la mwaka 2017. Angalia tena anwani yake: inaanza ffffffff9a, wakati vmlinux inaamini msimbo wake unaanzia ffffffff81000000. Keneli ilihamishwa wakati wa kubuti, na gdb hakuambiwa. Nilimwambia aongeze nokaslr kwenye mstari wa kubuti. Kwenye mashine ya majaribio hiyo inatosha.

Saa tano usiku alituma picha nyingine. Majina yametokea, pamoja na namba za mistari, isipokuwa fremu (mistari ya bt) mbili zinazoanza ffffffffc0. Hizo ni za moduli, yaani vipande vya keneli vinavyopakiwa kando, kama draiva, na vmlinux haina simboli za moduli. Washa CONFIG_GDB_SCRIPTS, endesha make scripts_gdb, kisha ndani ya gdb andika lx-symbols ukitaja folda yenye faili za moduli (.ko) ambazo hazijaondolewa simboli kwa strip. Ukitaka kutumia add-symbol-file kwa mkono, soma /sys/module/jina/sections/.text kama root kabla hujaisimamisha mashine, maana ikishaganda hata ssh haitakujibu.

Alikuwa ameshaisimamisha. Nikamwambia aandike continue, asome anwani, kisha aanze tena.