Maswali ya Wasomaji: Gundi Ipi Ishike Povu Bila Kulila?

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Natengeneza kibanda cha kulalia nyuma ya pikapu, twende nacho Pangani na familia. Kuta ni povu jeupe la sentimita 5, ndani na nje nabandika plaiwudi ya milimita 4. Nilianza na gundi ya fundi viatu, povu likaliwa na kubaki mashimo. Ninunue gundi gani? (Msomaji, Chumbageni, Tanga)

JIBU: Povu lako ni polistirini, lile lile la maboksi meupe ya kusafirishia samaki. Gundi nyingi za viatu zimelainishwa kwa toluini na vimiminika vya jamii hiyo, na humo polistirini huyeyuka kama sukari kwenye chai. Petroli, tina ya kuzimulia rangi na asetoni zina tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo usijilaumu kwamba ulipaka nyingi. Hata kidogo ingekula.

Dukani watakusifia gundi "kali". Usiitafute. Paneli iliyoshikana vizuri ukiivuta, kinachochanika ni povu, gundi inabaki pale pale, na nguvu yoyote inayozidi hapo umeilipia bure. Uliza mambo mawili tu: je, gundi hii inakula povu? Na je, itakauka ikiwa imefungiwa katikati ya vitu viwili?

Swali la pili ndilo linaloiangusha gundi nyeupe ya seremala. Yenyewe hukauka maji yake yakipata pa kutokea. Plaiwudi isiyopakwa rangi huyanyonya, kwa hiyo ukuta wa ndani unaweza kushika, lakini wakati wa masika uiache chini ya uzito siku mbili au zaidi. Kati ya povu na bati, au povu na ubao uliopakwa rangi, utaikuta mbichi hata baada ya wiki kadhaa. Na ile ya kawaida hulegea maji ya mvua yakipenya.

Kwa kazi yako chukua gundi ya mbao ya poliurethani, ile inayoumuka kidogo ikikauka. Kopo likiwa na alama ya D4 ni la kuhimili maji. Hii hukazwa na unyevu, basi hewa ya pwani inakusaidia badala ya kukuchelewesha.

Kwanza jaribu kwenye kipande cha povu kisichotakiwa: paka, acha hadi kesho, angalia kama kumebonyea. Kisha fanya kazi kivulini, asubuhi, maana jua linaikausha gundi kabla hujafunika. Kwaruza povu kwa msasa namba 80 na ufute vumbi kwa brashi, usifute kwa tina. Povu la rangi lenye uso laini linahitaji msasa zaidi, mpaka mng'ao uondoke. Nyunyizia plaiwudi maji kwa chupa ya kupulizia, yawe ukungu tu. Maji yakitiririka, gundi itajaa mapovu makubwa na kukosa nguvu. Tandaza gundi kwenye plaiwudi kwa mwiko wenye meno, kiasi cha gramu 200 kwa mita ya mraba. Ubao wa futi 4 kwa 8 ni karibu mita 3 za mraba, kwa hiyo gramu 600 kila upande, kilo 1.2 kwa paneli nzima.

Tandika nailoni sakafuni, la sivyo paneli itashikana na sakafu. Laza, bonyeza kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke, funika kwa mbao nene zilizonyooka, panga juu madumu 12 hadi 15 ya lita 20 yaliyojaa maji. Yatawanye sawasawa, kwa sababu gundi inayoumuka huinua plaiwudi nyembamba mahali pasipo na uzito, na baada ya hapo hakuna dawa ila kukata. Sakafu ikipinda, paneli nayo itapinda na kubaki hivyo. Fuata muda wa kwenye kopo, na kama una nafasi acha usiku kucha. Vaa glovu: gundi hii ikishakauka mkononi haitoki mpaka ngozi ijibandue yenyewe.

SWALI: Nimebandika povu la njano lenye foili kwenye dari ya Hiace kwa gundi ya kupuliza. Asubuhi limeshika, saa saba mchana linaning'inia. Tatizo ni gundi feki? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Si lazima iwe feki. Bati la paa juani hupita nyuzi joto 60 kwa urahisi, na gundi nyingi za kupuliza hulainika kwenye joto hilo. Paa nalo limebinuka, wakati povu lako limenyooka na linataka kurudi lilivyokuwa, kwa hiyo linavuta mchana na usiku. Halafu angalia kilichobandukana: mara nyingi gundi imeshika foili barabara, ila foili yenyewe imeachana na povu.

Chubua foili ya upande wa bati, ukate upande huo kwa kisu kila sentimita 10, kina cha theluthi mbili, ili povu likubali kupinda. Mabamba mawili ya sentimita 2.5 ni rahisi zaidi kuliko moja la 5. Bati lioshe kwa maji yasiyo ya chumvi kuondoa chumvi ya bahari, piga msasa penye kutu, paka praima (rangi ya kwanza ya chini), iache ikauke kabisa.

Tumia poliurethani ya kubandikia vioo vya mbele vya magari, kwa sababu inabaki na mnyumbuko. Ipige kwa mistari kama uzi, unene wa milimita 6, umbali wa sentimita 15 kati ya mmoja na mwingine, usiitandaze: nayo hukazwa na unyevu wa hewa kuanzia nje kwenda ndani, na katikati ya tabaka pana hewa haifiki. Kopo la mililita 300 hutoa karibu mita 10 za uzi. Dari ya mita 1.5 kwa 3 inataka mita 30, basi nunua makopo manne. Egemeza kwa fito na vibao siku mbili, kisha ziba kingo zote ili mvuke wa pumzi usifike kwenye bati. Silikoni yenye harufu ya siki usiiguse hapo, inakula bati.

SWALI: Naweza kupaka faibaglasi juu ya povu jeupe kwa rezini ya boti? (Msomaji, Pongwe)

JIBU: Rezini ya boti kwa kawaida ni poliesta, na ina stairini inayoyeyusha povu jeupe. Tumia epoksi. Kwenye povu la njano la poliurethani, poliesta haina shida. Epoksi changanya kidogo kidogo, gramu 300 hivi, uimwage haraka kwenye sinia pana. Ikikaa kwenye kikombe kirefu kwa joto la huku itachemka yenyewe, na ukiimwaga ikiwa ya moto hivyo povu litabonyea.