Pim ni bei, si tupa

Ndugu, umeuliza "pim" ya 1 Samweli 13:21 ni nini. Ni uzito wa fedha. Neno hili limo mara hiyo moja tu katika Biblia nzima ya Kiebrania, ndiyo maana wafasiri wa zamani walibahatisha. Biblia ya Kiingereza ya 1611 iliweka "tupa", yaani chuma cha kunolea. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanaakiolojia wakapata Palestina vijiwe vidogo vya mizani vilivyochongwa herufi tatu: pe, yod, mem. Kimoja kina gramu 7.8 hivi, kama theluthi mbili za shekeli, kipimo cha uzito cha Waisraeli. Basi fedha ya uzito huo ndiyo Mfilisti aliyomtoza mkulima Mwisraeli kumnolea jembe! Na mhunzi mwingine hakuwepo, soma mstari wa 19.