Je, naweza kushona nguo ya kuchajia simu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma. Usiku wa mwezi wa saba nikivua sweta linatatarika, na gizani naona cheche kabisa. Kijana wangu aliyeko chuoni anasema kuna kifaa kinachovuna umeme huohuo. Je, naweza kushona nguo itakayochaji simu?

JIBU: Marahaba, mama. Kijana wako hakukudanganya, ila kazi ya umeme huo si kuchaji simu.

Vitu viwili tofauti vikigusana, elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji hasi, huhama kutoka kimoja kwenda kingine. Nywele, ngozi na nailoni huziachia kirahisi. Polista huzinyakua, na Tefloni, ile plastiki inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha, huzinyakua zaidi. Ndiyo maana sweta lako linalia. Miaka mingi wahandisi walihangaika namna ya kuuzuia umeme huu, maana unaua vipuri vya kompyuta na unaweza kuwasha mvuke wa petroli. Mwaka 2012, Zhong Lin Wang na wenzake wa Georgia Tech, Atlanta, Marekani, walifanya kinyume: waliutafutia njia ya kutoka. Walichukua tabaka mbili za plastiki na kuweka chuma chembamba mgongoni mwa kila moja. Zikigusana, moja inabaki na chaji hasi na nyingine chanya. Zikiachana, chaji hizo zinasukuma elektroni za kwenye chuma zipite kwenye waya. Bonyeza, umeme unakwenda, achia, unarudi. Kifaa hicho huitwa nanojenereta ya msuguano.

Mimi nilikitengeneza mezani kwangu. Vipande viwili vya boksi ukubwa wa daftari, kila kimoja nikakibandika foili ya jikoni. Kimoja nikakifunika kwa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, ambayo ni Tefloni, mistari ikigusana bila kuacha pengo. Kingine nikakifunika kwa kitambaa cha nailoni. Kwenye foili hizo nikaunga taa mbili ndogo za LED, nyekundu na kijani, zikielekeana kinyume. Nikazima taa ya chumba, nikapiga kwa kiganja. Nyekundu ikamweka. Nikainua, kijani ikamweka. Nilikaa gizani nikipiga na kuinua kama mtoto mwenye ngoma mpya, na nimefundisha fizikia miaka 31! Wiki ya mvua nilirudia, hazikuwaka. Unyevu huvujisha chaji, na huo bado ni mzigo mkubwa wa teknolojia hii.

Sasa simu yako. Volti za kifaa hiki zinaweza kufika mamia, lakini mkondo wake ni sehemu za milioni za ampea. Betri ya miliampea-saa 4,000 hubeba takriban wati-saa 15. Ukivaa nguo inayotoa miliwati moja, yaani sehemu moja ya elfu ya wati, utatembea saa 15,000, yaani zaidi ya siku 600 usiku na mchana, ili ijae mara moja tu.

Umeme huo una wenyewe. Kihisi kidogo, yaani kifaa cha kupima, kinachoamka mara chache, kikapima joto, kikatuma ujumbe na kulala tena, kinaweza kuishi kwa chaji iliyokusanywa kwenye kapasita, kipuri kidogo cha kuhifadhi chaji. Na kuna linalonigusa zaidi: mara nyingi jenereta yenyewe ndiyo kihisi. Kanyaga soli na umeme unaotoka ndio habari kwamba umekanyaga, kwa nguvu kiasi gani na kwa mwendo gani. Mzee anayeanza kuburuta mguu mmoja anaweza kujulikana mapema kwa soli isiyohitaji betri ya kubadilisha.

Hapo ndipo cherehani yako inapoingia. Anza na soli ya kitambaa: nailoni upande mmoja, polista upande wa pili, foili mgongoni mwa kila kimoja, na vipande viwili vya sponji pembeni ili viachane mguu unaponyanyuka. Pamba usiitumie, iko katikati, haitoi wala hainyakui vya kutosha. Na ushone sasa, kabla mvua za Desemba hazijaingia.