Klematisi: ijue kwanza ndo uikate

Klematisi yangu ya kwanza (ni mmea wa maua unaopanda juu kwa kushika vitu) nilipewa haina lebo, na baridi ilipokaribia kuisha nikachukua mkasi nikaikata yote ikabaki kama sentimita 30 kutoka chini, maana nilishasikia watu wanasema klematisi hukatwa hivo. Mwaka ule ikatoa majani tu, hata tumba moja sikuona. Iliniuma sana. Kumbe ilikuwa aina ya montana, na montana maua yake hutoka kwenye matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo nilichokata na kutupa ndo yalikuwa maua yenyewe.

Sasa mtu akiniuliza aikate lini, mi namuuliza kwanza inachanua lini. Zile zinazochanua mapema wakati wa machipuko, montana, alpina na macropetala, usiziguse kabla ya maua, subiri yaishe ndo upunguze palipojaa. Zenye maua makubwa ya mwanzo wa kiangazi kama Nelly Moser, mwisho wa baridi toa vikavu na vidhaifu tu, shuka na tawi toka juu mpaka ukute jozi ya macho (vichipukizi) yaliyonona, kata hapo juu yake. Halafu kuna zinazochanua kiangazi kimeshakolea, Jackmanii na viticella, hizi huchanua kwenye matawi mapya kwa hiyo mwisho wa baridi ndo unazikata chini kabisa bila huruma, zitapanda tena. Kama hujui yako ni ipi basi iache mwaka mzima bila kuikata, andika ilichanua mwezi gani na ua limetoka kwenye tawi kuukuu la kahawia au changa la kijani. Mwaka mmoja wa kusubiri si hasara jamani.

Na ua lenyewe liangalie vizuri. Zile tunazoziita petali kwenye klematisi ni sepali, yaani vijani vya nje vinavyofunika tumba, zihesabu: montana kawaida zina nne, alpina nazo nne ila ua linainama kama kengele, Nelly Moser huwa na nane hivi, za waridi hafifu na mstari uliokolea katikati ya kila moja (jua kali huzififisha, mpe sehemu yenye kivuli kidogo). Kama maua yameshaisha tazama majani, hukaa mawili mawili yakitazamana, na mbegu zake zina manyoya laini kama hariri.

Kuhusu kuegemeza, hapa wengi wanakosea na mimi nilikosea. Nilipanda moja kwenye nguzo nene ya mbao nikangoja ipande, ikawa inalala chini tu. Klematisi haijizungushi kwa shina kama maharage, inashika kwa kikonyo cha jani, kile kikonyo ndo kinajikunja kwenye kitu, na ni kifupi hakiwezi kuzunguka kitu kinene. Unene wa penseli au chini ya hapo ndo mzuri, kwa hiyo nguzo ile niliizungushia waya wa wavu wa kuku na ndani ya wiki chache ilikuwa imeshashika yenyewe. Machipukizi yangali machanga yatandaze pembeni taratibu, yanavunjika upesi sana, ukiyaacha yapande wima maua yote yataenda kukaa juu na chini utabaki na vijiti vitupu.

Zenye maua makubwa zipande kina kirefu, donge la mizizi liingie sentimita 5 mpaka 7 chini ya usawa wa udongo. Sababu ni ule ugonjwa wa kunyauka, unaletwa na kuvu, tawi lililokuwa zima linalegea ghafla na kuwa jeusi. Yangu ilinyauka yote matumba yakiwa karibu kufunguka, nikataka kuing'oa, ila nikakata mpaka sehemu nzima, nikaokota majani yaliyoanguka, nikaendelea kumwagilia, na machipukizi mapya yakatoka chini ya udongo. Kwa hiyo usikimbilie kung'oa. Vaa glavu lakini, utomvu wake unawasha ngozi.

Mizizi inapenda ubaridi na unyevu, kichwa kikae juani. Weka matandazo mazito ila yasiguse shina. Ukiwa na kichaka kinachochanua mapema, panda viticella karibu yake ikipandie, maana unaikata yote kila mwaka, haiwezi kukielemea.