Lava kwenye kinyesi cha jana: ni safura au Strongyloides?

Swali: Niko maabara ya kituo cha afya karibu na Mumias. Sampuli ililetwa jioni, nikaisoma kesho yake nikakuta lava (minyoo michanga) zikijipindapinda. Mwenzangu anasema ni minyoo ya safura, mimi naona ni Strongyloides, mnyoo mwingine wa utumbo. Tunayo hadubini ya kawaida tu. Nizitofautisheje?

Jibu: Kabla ya kugusa lenzi, uliza choo kilitoka saa ngapi. Safura hutoka mwilini ikiwa yai, lakini likikaa kwenye kikopo siku moja au mbili katika joto la huku kwetu, linaanguliwa humohumo. Strongyloides huanguliwa utumboni, kwa hiyo kinachotoka ni lava. Lava kwenye kinyesi kibichi cha asubuhi hiyo, mtuhumiwa wa kwanza ni Strongyloides. Yako ililala, kwa hiyo wote wawili bado mna haki ya kubishana. Uliza pia kama kiliokotwa chini, maana minyoo huru ya udongoni huingia kwa njia hiyo.

Lava inayocheza haisomeki. Itafute kwa lenzi ya 10 ndani ya maji ya chumvi ya asilimia 0.85, kisha weka tone la aidini ya Lugol ukingoni mwa kifuniko. Itakufa na kushika rangi. Aidini isiyozimuliwa huikoza mno hadi viungo vya ndani vikapotea. Changanya sehemu moja kwa tano za maji.

Sasa lenzi ya 40, na uanzie kichwani. Mfereji wa kinywa wa safura ni mrefu, unakaribia upana wa mwili mahali hapo. Wa Strongyloides ni mfupi, theluthi hadi nusu ya upana huo. Ukikosa uhakika, shuka katikati ya mwili: Strongyloides ina kiini cha uzazi kikubwa, kinachoonekana kama kibonge cha mviringo kando ya utumbo, cha safura ni kidogo mno, mara nyingi hukioni. Usitegemee urefu. Strongyloides ni maikromita 180 hadi 380, safura 250 hadi 300, vipimo vinapandana.

Ukikuta lava nyembamba iliyokomaa, angalia mkia: wa Strongyloides una pengo nchani, wa safura umechongoka.

Kwa mgonjwa huyu, omba sampuli mpya na uisome siku hiyohiyo. Usiiweke kwenye friji, kwani baridi hudhoofisha lava za Strongyloides zikashindwa kutoka kwenye kinyesi ukitumia faneli ya Baermann, yenye maji ya uvuguvugu ya kuzivuta. Kato-Katz, ile slaidi nene ya kuhesabu mayai, nayo haifai kuzitafuta, na hata mayai ya safura hufifia kama slaidi haijasomwa ndani ya dakika 30 hadi 60. Kwa sampuli ya jana, kama hukuona kinywa wala kiini, andika tu “lava za minyoo, aina haijathibitishwa”.

Kosa hapa lina bei. Albendazole miligramu 400 mara moja hutibu safura, lakini mara nyingi haimalizi Strongyloides, ambayo dawa yake ni ivermectin, maikrogramu 200 kwa kila kilo. Na mwenye Strongyloides akianzishiwa deksamethasoni, dawa ya steroidi inayopunguza kinga ya mwili, lava zinaweza kuongezeka na kusambaa mwilini hadi zikamuua, kwa hiyo jibu hilo mpigie daktari simu, usingoje fomu.

Vaa glavu daima: lava zilizokomaa hupenya ngozi.