Barua za wasomaji: "Simu inauza bima kuliko mimi"

Safu hii hujibiwa na mama aliyeanza kazi ya bima Dar es Salaam mwaka 1999 na bado yumo. Toleo hili amechagua barua tatu za vijana.

Shikamoo Mama. Nina miaka 26, naishi Tabata. Nilimaliza shahada ya bima na usimamizi wa vihatarishi katika chuo cha IFM mwaka 2022. Tangu hapo nipo kwa wakala mmoja, nauza bima za magari na bodaboda. Mwanzoni nilikuwa na meza yangu karibu na kituo cha mafuta na watu walipanga foleni. Siku hizi mtu anakata bima kwenye simu akiwa kitandani, na aliyekopeshwa gari na benki, benki hiyohiyo inamkatia. Mwezi uliopita kamisheni yangu haikufika laki moja na nusu. Sina mkataba. Mjomba wangu ana duka la vipuri Kariakoo, ananiita nikamsaidie. Niachane na bima?

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale uliposema huna mkataba. Miaka mitatu unafungua ofisi ya mtu asubuhi na kuifunga jioni, halafu kwenye karatasi haupo! Kesho mwombe bosi wako mkataba wa maandishi. Kama wewe ni mwajiriwa, kuna mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wa asilimia 20 ya mshahara, na katika huo mwajiri hawezi kukukata wewe zaidi ya nusu. Kama anasema wewe si mwajiriwa ila unajitegemea, basi akusaidie upate leseni yako mwenyewe kutoka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, wateja wako wawe wako. Asiyetaka hili wala lile anakula jasho lako, na hapo sina maneno laini ya kukupa.

Sasa meza. Ile meza haitarudi. Mimi nilianza kazi wakati soko ndiyo kwanza limefunguliwa. Tangu 1967 bima yote Tanzania Bara ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa peke yake, mpaka sheria ya 1996 ilipoyaruhusu makampuni binafsi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchapa kavanoti, yaani hati ya kuonyesha mteja amekata bima, kwa taipureta, nakala tatu, karatasi ya kaboni katikati, vidole vyeusi hadi saa kumi. Kazi ile nzima leo inafanywa na mfumo kabla chai yako haijapoa, na trafiki anahakiki stika ya bima kwa simu yake hapohapo barabarani. Bima ndogo ya gari la kutembelea, ile ya kumfidia mtu mwingine unayemgonga, kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 118,000 pamoja na VAT, uwe Tabata au Tunduma. Kitu chenye bei moja kila mahali, ambacho hata karatasi hakina tena, hakihitaji kijana mwenye shahada akae juani kukiuza.

Lakini kuuza stika siyo bima, mwanangu. Ngoja nikusimulie jambo ambalo sijawahi kulisahau.

Mwaka 2004 nilimkatia bima ya moto mzee mmoja mwenye duka la vitambaa. Nilimuuliza mzigo wake una thamani gani, akasema milioni 20. Nikaandika 20. Nilikuwa na haraka ya kufikisha lengo la mwezi, na bosi wangu wa wakati ule alituambia tusimchoshe mteja kwa maswali. Miezi saba baadaye hitilafu ya umeme ikaanzisha moto, mzigo wa milioni 30 ukateketea. Mkadiriaji hasara alipokagua vitabu akakuta dukani kulikuwa na mali ya milioni 60. Mzee alitaja ndogo ili alipe kidogo, kama wengi wanavyofanya. Wewe umesoma avareji darasani, mimi niliisoma usoni kwa yule mzee. Alikatia bima theluthi ya mali yake, kwa hiyo na hasara akalipwa theluthi. Milioni 30 zimeungua, anapewa 10. Alikaa mbele ya meza yangu akaniuliza, "Binti yangu, kwa nini hukuniambia?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kuanzia hapo sikuandika tena thamani ya duka bila kuingia hadi stoo na kuhesabu marobota. Na hiyo ndiyo kazi ninayoiona imebaki kwa watu kama wewe. Simu itamuuliza mteja "thamani?" na kupokea namba yoyote atakayoandika. Haitaona nyaya zilizoning'inia juu ya vitambaa, wala jirani anayechomelea vyuma ukutani, wala kumwambia mzee kwa heshima kwamba namba hiyo itamuumiza siku ya siku.

Ndiyo maana sikuambii usiende Kariakoo. Nenda, ila nenda na bima yako. Mjomba anaagiza vipuri kutoka nje, siyo? Muulize kontena lake limekatiwa bima na kampuni gani. Nadhani atakujibu kwamba anayejua ni wakala wake wa kutoa mizigo bandarini. Muulize tena, mzigo ulioko godauni je? Kariakoo hawajasahau soko lao kuu lilivyoungua Julai 2021, na mwaka uliofuata Sheria ya Fedha ikazifanya bima za masoko ya umma, majengo ya biashara na bidhaa zinazoingia nchini kuwa za lazima. Lazima hiyo imeleta watu wengi wanaolipia kitu wasichokielewa. Chukua mtaa mmoja tu. Ujue nani anauza nini, mzigo unapanda mwezi gani, godauni lipi lina mlango mmoja. Mwenye duka akishakuamini wewe, hatajali stika anakata kwa simu ya nani.

Kuhusu benki, usiwaone maadui. Tangu mwongozo wa 2019 ulipozipa benki nafasi ya kuwa mawakala, zimehitaji watu wa kukaa kwenye dawati la bima, na wengi waliowekwa pale walisomea mambo mengine. Barua ya maombi haitakugharimu chochote. Ila ungekuwa mtoto wangu wa kumzaa, ningekupeleka kwanza kwa dalali wa bima, kitengo cha madai, hata kwa mshahara mdogo wa mwaka mmoja. Unajua tofauti yao: wakala anaisimamia kampuni, dalali anamsimamia mteja. Kijana aliyekaa mwaka mzima akipigania fidia za wateja anajua kuusoma mkataba wa bima kuanzia nyuma, kwenye yale maandishi madogo ya yasiyolipwa, na huyo kokote atakapokwenda hatauza bima kwa kubahatisha.

Mama, shikamoo. Niko Mwanza, kitengo cha madai ya magari, mwaka wa nne sasa. Kampuni imeleta mfumo wa akili mnemba: mteja anapiga picha gari lililogongwa, mfumo unakadiria gharama. Tumesikia kwenye korido kwamba tuliopo tisa watabaki wanne. Kila mtu anasema kazi ya kudumu ni takwimu bima. Nilisoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza) kidato cha sita. Nirudi chuo nikasomee hiyo?

Marahaba binti yangu. Pole kwa kusikia habari ya riziki yako kwenye korido.

Kwanza haki yako. Kupunguza wafanyakazi kwa sababu ya mashine kunaruhusiwa, lakini kuna utaratibu wake kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nanyi au na chama chenu jinsi ya kuepuka au kupunguza makali na watakaoondoka wachaguliweje. Anayepunguzwa baada ya kufanya kazi mwaka mmoja au zaidi anastahili kiinua mgongo kisichopungua siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka kumi. Ukiona umeachishwa isivyo halali, una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nimewaona wengi wakilia miezi miwili nyumbani kwa aibu, wakienda tumeni wanaambiwa muda umepita. Wewe anza leo kuweka nakala za barua ya ajira, hati za mshahara na tathmini zako za mwaka mahali salama.

Takwimu bima ni kazi nzuri kweli, na nchi ina watu wachache mno wa kukadiria bei ya bima na akiba ya kulipia madai ya kesho. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaifundisha. Lakini ni hesabu, binti yangu, hesabu nzito, na baada ya shahada kuna mitihani ya kitaaluma ya vyama vya Uingereza au Marekani inayokula miaka mingi. Kama ulichagua HGL kwa kuipenda, usiende kujitesa huko kwa sababu watu wanasema. Mwenye mdogo wake aliyefaulu michepuo yenye hesabu, PCM au EGM, amwambie yeye.

Wewe una miaka minne ya kuyajua madai, na hiyo ni mali. Mfumo unaona bampa lililopasuka. Hauoni kwamba bampa hilohilo lilidaiwa mwezi wa tatu na gari jingine, au kwamba gereji moja huandika "taa mpya" kwa kila gari linaloingia. Na kuna yale madai yasiyo na picha. Bima ndogo ipo kwa ajili ya mtu wa tatu, yaani mtembea kwa miguu aliyevunjwa mguu, mama aliyeachwa na watoto wanne baada ya mume kugongwa. Madai haya ndiyo magumu kuliko yote, yanafika mahakamani, na kampuni huyaogopa. Yanahitaji mtu anayesoma hukumu, anayeandika barua iliyonyooka, anayeweza kukaa na familia iliyofiwa akaongea nayo kama binadamu. Historia na lugha ulizosoma zimekuandaa kwa hilo kuliko unavyodhani. Kabla majina manne hayajapangwa, mwombe mkuu wako akuhamishie madai ya majeruhi na vifo. Ukitaka kusoma, soma sheria jioni, hata kwa ngazi ya cheti. Na uifuatilie Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023: inavyozidi kutekelezwa, madai ya hospitali yatakuwa mengi, na kila dai litahitaji jicho.

Jambo jingine: ujifunze mfumo huo mpya vizuri kuliko yeyote kwenye kitengo. Najua unauchukia. Mimi pia niliichukia kompyuta ya kwanza iliyowekwa kwenye meza ya jirani yangu, nikakataa kuisogelea miezi mitatu. Aliyeisogelea alipandishwa cheo, nami nikawa nampelekea faili.

Hujambo Mama? Nimehitimu kilimo SUA, niko Maswa. Kampuni moja inanipa kazi ya msimu, kuelimisha wakulima wa pamba kuhusu bima ya mazao inayotumia setilaiti. Baba anasema nimesoma kilimo, bima ni kazi za watu wa mjini. Je, hii ni njia ya maisha au ni kibarua tu?

Sijambo mwanangu, na mwambie baba namsalimu sana.

Kwa karatasi ni kibarua, usijidanganye. Lakini bima ya kilimo inatafuta watu kama wewe kuliko inavyotafuta watu wangu wa ofisini, barabara ya Samora, Dar es Salaam. Makampuni yaliungana mwaka 2023 kuunda umoja wa bima ya kilimo, kwa sababu hakuna moja lililoweza kubeba ukame wa mikoa mizima peke yake. Wafugaji wa Marsabit huko Kenya wana bima ya aina hii tangu 2010: setilaiti inapima ukijani wa malisho, yakikauka kupita kiwango, fidia inatoka bila mtu kwenda kuhesabu mizoga.

Ugumu wake utauona kwa macho msimu wa kwanza. Kipimo kinalipa kwa wastani wa eneo, na wewe unajua mvua ya Simiyu inavyoweza kunyesha upande mmoja wa kijiji ikauruka mwingine. Shamba la mtu limekufa, setilaiti inasema eneo liko salama, hakuna fidia. Atakuja kwako, siyo kwa setilaiti. Kwa hiyo kabla ya kusaini, iulize kampuni mambo mawili. Kipimo kinaanza kuhesabu tarehe gani, na je, tarehe hiyo inalingana na wakulima wa Maswa wanavyopanda pamba kweli? Na mkulima mwenye malalamiko, wewe umpeleke kwa nani, jina na simu? Wakikujibu kwa maandishi, kubali msimu huu. Wakikuambia "wewe waandikishe tu, mengine tutaona," usiwaandikishe, kwa sababu kampuni itarudi Dar es Salaam na wewe utabaki Maswa, unasali nao na kuzika nao.

Ukikubali, nunua daftari. Kila wiki andika mvua ilinyesha kijiji gani, pamba ina urefu gani, funza wametokea lini. Msimu ukiisha, linganisha daftari lako na kipimo cha setilaiti, kisha peleka hesabu hiyo kwa kampuni mwenyewe, mkononi, uombe kazi ya kupanga kipimo cha mwaka unaofuata. Niandikie baada ya mavuno uniambie daftari na setilaiti vilipishana kwa kiasi gani.