Barua kwa mwanangu: kusoma kwenu kunamsaidia nani?

Mwanangu Neema,

Hapa nyumbani hatujambo, baba yako goti limetulia na anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma nikaurudia. Unasema mmebishana wodini nani aende semina ya wiki ijayo, mwenzako akatamka waziwazi kwamba watu wanakimbilia posho. Nawe una stashahada, unawaza kuomba ruhusa ya kwenda kusoma shahada, ila moyo unasita. Ukamalizia kwa kuniuliza: "Mama, hivi kusoma kwetu kunamsaidia mgonjwa, au kunatusaidia sisi tu kupanda daraja?"

Kunamsaidia mgonjwa, mwanangu. Lakini si kusoma kokote, na usinikubalie kwa sababu tu mimi ni mama yako na nimefundisha chuo cha uuguzi mpaka nikastaafu. Jambo hili limepimwa.

Mwaka 2003 Linda Aiken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, zenye wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 230,000. Kulikuwa na hospitali ambazo hazikuwa na muuguzi hata mmoja mwenye shahada, na nyingine wenye shahada walifika asilimia 77. Walipozingatia ukubwa wa hospitali, vifaa, idadi ya wauguzi na hali ya wagonjwa, waliona kwamba kila wenye shahada walipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulipungua kwa asilimia 5. Waliangalia pia wale waliopata tatizo baada ya upasuaji kisha wakafa kwa kutowahiwa, wakakuta hali ni hiyohiyo. Hapo ndipo pa kutazama sana. Wa kwanza kuona mapigo ya moyo yamepanda, mkojo umepungua kwenye mfuko na mgonjwa ameanza kuongea ovyo ni nani kama si muuguzi wa zamu? Daktari hayupo kando ya kitanda cha mgonjwa saa nane za usiku. Aliyepo anatakiwa ajue anachokiona maana yake nini, na awe na maneno ya kumwamsha daktari akamwelewa.

Kuna jambo jingine kwenye utafiti huo lililonisumbua muda mrefu. Wastani wa miaka ya kazi ya wauguzi haukuonekana kubadilisha vifo. Mimi niliyezeeka wodini na darasani nilitaka miaka ihesabike! Lakini nilipomsoma Patricia Benner, aliyechunguza kazi za wauguzi Marekani na kutoa matokeo yake mwaka 1984, nilielewa. Alieleza hatua tano, kutoka anayeanza hadi bingwa, na kwake uzoefu hauji kwa kukaa tu. Unakuja pale mgonjwa halisi anapokubadilishia ulichokuwa unakidhani, nawe ukakifikiria upya. Mtu anaweza kufanya kazi miaka 20 bila kupambana na hilo hata mara moja, kwa sababu hakuna aliyemrudisha nyuma kumwuliza: pale uliona nini, na kwa nini ulifanya vile?

Sasa tuje kwetu, maana Pennsylvania ni mbali na wewe uko leba. Hospitali ya Haydom, Mbulu, wakunga walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua: kumkausha, kumsugua mgongo, kufungua njia ya hewa, na kumpulizia kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ile ya kwanza. Miezi saba baadaye walipimwa kwa mdoli wa mazoezi. Kabla ya mafunzo waliofaulu kumhuisha walikuwa asilimia 18, sasa wakawa asilimia 74. Ungepewa namba hizo tu ungesema kazi imekwisha. Bahati nzuri watafiti walikuwa wameweka watu wa kuangalia ndani ya chumba cha kujifungulia chenyewe, wakirekodi mkunga anafanya nini kwa mtoto halisi. Huko hakukuwa na mabadiliko ya maana. Mkono uliofaulu kwa mdoli haukuhamia kwa mtoto.

Nakuomba utulie hapo kidogo, maana ndilo jibu la ubishi wenu wa posho. Wale wakunga hawakuwa wavivu, na mafunzo hayakuwa mabaya. Katika hospitali 8 za Tanzania yalikoanzia mafunzo hayohayo, Haydom ikiwemo, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013. Mafunzo yana nguvu. Ila Haydom walijua kwamba siku moja haitoshi, hivyo kuanzia Februari 2011 wakabadili utaratibu. Mdoli akawekwa palepale leba. Kila wiki wakunga wakawa wanafanya zoezi la dakika tatu hadi tano, wakiwa kazini, wakisimamiwa na wenzao wa hapohapo, na kila mwezi marudio marefu kidogo. Wakaanza kuwasugua watoto na kuwafyonza ute zaidi, na waliohitaji kupuliziwa wakapungua. Vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Hospitali ileile, mdoli uleule! Estomih Mduma, mtu wa huku kwetu, na wenzake ndio walioandika hayo. Baadaye mafunzo ya namna hiyo, pamoja na vifaa na takwimu za wodi yenyewe, yalipelekwa hospitali 30 katika mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza.

Kwa hiyo wodini kwenu msigombee nani aende. Aende yeyote, lakini kabla hajaondoka mkubaliane kwamba akirudi ataleta kitu kimoja tu cha kufanyia mazoezi, na kitafanywa wakati wa kukabidhiana zamu, wawili wawili, kila wiki. Ukiwa mkuu wa zamu anza wewe. Mfuko na barakoa viwe juu ya meza ya mtoto, si kabatini kwenye kufuli la mtu aliyekwenda likizo. Mmoja apulize, mwingine aangalie kifua kinapanda au hewa inavuja pembeni ya barakoa. Kikikataa kupanda, arekebishe kichwa, abane barakoa vizuri, ajaribu tena. Halafu wabadilishane. Mkishazoea hilo, nendeni kwa mama anayetoka damu baada ya kujifungua. Na mtoto akifariki, msiishie kuandika kwenye rejista. Kaeni mliokuwepo, mwulizane nini kilifanyika dakika kwa dakika, bila kutafuta wa kulaumiwa, maana aliyelaumiwa leo kesho atanyamaza.

Kuhusu shahada, nenda. Ulaya nako, katika nchi 9 na wagonjwa zaidi ya 420,000, matokeo ya mwaka 2014 yalifanana na ya Marekani: wenye shahada wakiongezeka asilimia 10, uwezekano wa kufa unapungua asilimia 7. Ila utafiti huohuo ulionyesha kwamba kila muuguzi akiongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano huo unapanda asilimia 7. Nakuandikia hili kwa uzito: ukirudi na shahada, asije mtu akakuambia kwa kuwa sasa umesoma utaweza wodi nzima peke yako. Elimu haizibi pengo la watu. Hilo liseme kwenye vikao, liseme kwa mganga mfawidhi, na uwe na takwimu zako mkononi.

Wala si lazima uache kazi. Kenya mwaka 2005 shirika la afya la AMREF na Baraza la Wauguzi walianza kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi stashahada kwa kusoma kwa kompyuta wakiwa vituoni mwao, wakilenga watu 22,000. Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Aga Khan kimewafundisha wauguzi wenye stashahada hadi shahada huku wakiendelea na kazi. Mimi ningekuchagulia njia hiyo kuliko ya kuhama kabisa. Utasoma fiziolojia Jumatatu, na Jumatano utamkuta mama mwenye kifafa cha mimba mbele yako.

Nitumie fomu za chuo tuzipitie pamoja kabla hujazipeleka kwa mwajiri. Ada baba yako amesema tutasaidiana. Na mwulize mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa wilaya kama kuna mdoli wa mazoezi aliyekaa stoo. Mara nyingi yupo.

Mama yako